Kabla Mtumbwi Haujashuka Ziwani

Ijumaa moja baada ya swala, vijana watatu wa msikiti wetu hapa Bariadi walituletea barua. Waliiomba kamati iwakopeshe, kwa njia ya qardhu hasan, fedha za kununulia mtumbwi na zana za uvuvi, ili wakatafute riziki upande wa Busega. Pamba ya msimu uliopita haikuwalipa kiasi walichokitumaini, na wawili kati yao wana watoto wadogo. Barua iliandikwa kwa adabu, na nyuma yake mahitaji yote yaliorodheshwa: mtumbwi wa mbao, injini ndogo, nyavu za dagaa, taa, na mafuta ya safari za mwanzo. Tuliisoma orodha ile mara mbili. Hapakuwa na jaketi hata moja la kujiokolea.

Tungeweza kuipitisha siku ileile, kwani fedha ya mfuko huo imewekwa kwa kazi kama hiyo. Lakini kikaoni walikuwapo wazee waliokumbuka msiba uliomfika dada yetu mmoja miaka kadhaa nyuma. Mumewe alitoka usiku kuvua. Asubuhi mtumbwi ukaonekana umepinduka, naye mwenyewe hakuonekana. Waombolezaji walipotawanyika, taabu ya yule mama ndipo ilipoanza. Hakujua akae eda au asubiri. Mirathi haikugawanywa, kwa kuwa anayerithiwa ni aliyethibiti kufa, na kifo cha mumewe hakikuwa na shahidi wala maiti. Watoto walipotakiwa kupelekwa shule, shamba lililokuwa la baba yao halikuweza kuuzwa wala kukodishwa bila ugomvi wa mashemeji.

Fiqhi ina mlango wake juu ya mafqud, yaani mtu aliyetoweka asijulikane yu hai au amekufa. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu muda wa kumsubiri, na mashuhuri ni hukumu ya Sayyidna Umar, Allah amridhie, ya miaka minne kisha eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi. Sisi tuliopita chuoni tuliusoma mlango huo kwa siku mbili, tukaujibia mtihani, tukaendelea na mlango mwingine. Dada yule aliishi ndani yake kwa miaka.

Kwa hiyo kamati ikakata shauri: isitoke shilingi hata moja kabla hatujafika ziwani tukajionea.

Wasomaji wa mbali huenda wakashangaa Bariadi kuzungumza habari za mitumbwi. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, hujulikana zaidi kwa pamba na ng'ombe. Katika wilaya zake tano, Busega peke yake ndiyo inayogusa Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Kutoka mjini kwetu unashika barabara ya lami hadi Lamadi, na maji yapo. Hapo ndipo penye hatari ambayo familia nyingi hazijaitazama vizuri. Mtoto wa mwaloni hujifunza kuogelea kabla hajajua kusoma. Kijana wa Bariadi amekulia kwenye mito ya msimu, ambayo kiangazi huivuka kwa miguu juu ya mchanga. Tulipowauliza vijana wetu watatu ni nani anayejua kuogelea, mmoja alinyoosha mkono, kisha akaushusha nusu.

Taifa letu limelia mara mbili kwa sauti kubwa juu ya ziwa hili: mwezi Mei 1996 ilipozama MV Bukoba karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mtumbwi wa watu watatu unapozama hapatangazwi maombolezo. Msiba wake hujulikana msikitini, kanisani na nyumbani kwa marehemu, basi.

Mwaloni tulimpata mzee mmoja, fundi wa mitumbwi na mvuvi wa miaka mingi, ambaye wenyeji humwita namhala kwa heshima. Alituambia tuketi juu ya mtumbwi uliofunikwa, akatuuliza: "Ustadhi, hao vijana wenu wamekwisha kununua injini?" Tulipojibu kwamba bado, alisema, "Alhamdulillah, basi tuna nafasi ya kuongea. Wengi huanza na injini, mbao huja mwisho."

Akatutembeza. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa mpya na rangi yake inang'aa, lakini alipoingiza ncha ya kisu katikati ya mbao mbili kilizama hadi mpini. Mbao mbichi zikishaunganishwa hukauka na kuachana. Mtumbwi wa pili ulikuwa mkuukuu, nao ulikuwa imara: mataruma yake mazima, misumari haijaoza, na viungo vimetiwa kalafati ya pamba iliyopigwa kwa nyundo na kufunikwa kwa lami. Tulipoiona pamba ile tulicheka kidogo. Zao lile lile lililowashinda vijana wetu shambani ndilo litakalowazuilia maji ziwani. Mzee alisisitiza kwamba kalafati hukaguliwa kila mtumbwi unapopandishwa nchi kavu. Anayengoja mpaka maji yamfike kifundoni amechelewa.

Kisha akatufundisha jambo ambalo hatukulijua. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hauzami moja kwa moja, kwa sababu mbao huelea. Lakini injini yenye uzito wa takribani kilo 40 huuvuta upande wa nyuma, na waliomo hawapati pa kushika. Dawa yake ni rahisi mno. Huchukuliwa madumu matupu ya plastiki ya lita 20, hufungwa vifuniko vyake barabara, na hukazwa kwa kamba chini ya mbao za kukalia, mbele na nyuma. Kila dumu likizamishwa huinua karibu kilo 20. Madumu manne yakifungwa vema, chombo kilichojaa maji hubaki usawa wa ziwa, na watu watatu wanaweza kukishika hadi wapate msaada. Yafungwe pande zote mbili, maana yakiwekwa upande mmoja tu huinua upande huo na kuuzamisha mwingine. Akaongeza wasia tunaouandika hapa kwa ajili ya kila mzazi amfikishie mwanawe: mtumbwi ukipinduka, usiuache ukajaribu kuogelea kwenda nchi kavu, hata kama unaiona. Macho hudanganya umbali juu ya maji, na mtumbwi huonekana na waokoaji kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.

Tulimuuliza kuhusu starehe, tukidhani atatucheka. Hakucheka. Alisema mvuvi aliyekaa vibaya usiku kucha ndiye anayesimama ghafla alfajiri kujinyoosha miguu iliyokufa ganzi, na hapo ndipo chombo hupinduka. Kwa hiyo ubao wa kukalia uwe mpana, uwe chini kiasi cha kuuweka uzito karibu na mkuku, na uwekewe kipande cha godoro kilichofunikwa kwa plastiki. Sakafuni ziwekwe fito au mbao nyembamba zilizoachana, ili miguu isikae ndani ya maji yaliyochanganyika na mafuta na magamba ya samaki. Mafuta ya injini yakae mbali na taa, kwenye chombo chenye kifuniko, na kopo la kukumbia maji lifungwe kwa kamba lisije likaelea likaondoka siku linapohitajiwa. Kuhusu viatu alikuwa na neno kali: mabuti ya mpira marefu yakijaa maji humvuta mtu chini na hayavuki kwa haraka. Hata hivyo kutembea pekupeku kwenye maji ya ukingoni nako kuna madhara yake, kwani kichocho kimeenea kandokando ya ziwa hili. Viatu vyepesi vinavyovulika kwa mkono mmoja ndivyo alivyovipendekeza.

Majaketi tuliyakuta katika mitumbwi kadhaa. Moja lilikuwa limekaliwa, jingine limefungiwa ndani ya mfuko wake wa dukani. Mvuvi mmoja kijana alitwambia jaketi linamtia joto na kumzuia kuvuta nyavu, na hatukumlaumu kwa kusema kweli. Lakini aliyetumbukia usiku katika mawimbi hana nafasi ya kurudi kutafuta jaketi chini ya nyavu. Livaliwe tangu kutoka, likazwe mikanda yote, na koti la mvua livaliwe ndani yake, si juu yake. Anayenunua asitazame rangi pekee. Yapo majaketi yaliyojazwa sponji inayokunywa maji. Mtu alilaze jaketi majini usiku mmoja likiwa limekandamizwa kwa jiwe, na likiamka zito kuliko lilivyolala, alirudishe. Na kila jaketi lifungwe filimbi, kwa sababu sauti ya mtu aliyechoka haifiki mbali.

Dagaa huvuliwa kwa taa, siku za giza la mwezi. Karabai zinazidi kupungua na taa za betri na za nishati ya jua zimechukua nafasi yake, jambo ambalo limepunguza hatari ya moto ndani ya chombo. Lakini usiku ndio wakati wa dhoruba ziwani. Mchana upepo hutoka majini kuelekea nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujikusanya mpaka karibu na mapambazuko. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Tunawaomba wake na mama wa wavuvi wausikilize wao pia, kwa kuwa neno la mke saa kumi na moja jioni limewahi kumbakiza mwanamume nyumbani. Simu iwekwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na mtu mmoja nchi kavu ajue chombo kimeelekea wapi na kinatazamiwa kurudi saa ngapi.

Kuna jambo linaloihusu dini moja kwa moja. Vijana waliuliza swala zao zitakuwaje, kwani Isha na Alfajiri zitawakuta majini. Udhu wasiutie kwa kuinama ukingoni. Wachote maji kwa kopo wakiwa wameketi. Kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye uwezo, lakini anayechelea kuanguka au kuzamisha chombo huswali ameketi, na swala yake ni sahihi. Kibla kutoka Ghuba ya Speke ni kaskazini, kwa kupinda kidogo kuelekea mashariki. Wasiswali wote kwa pamoja upande mmoja wa mtumbwi. Awepo mmoja anayeshika kasia, kisha wapokezane.

Tuliporudi Bariadi na kuisoma taarifa, mjumbe mmoja alisema kwamba ajali haina kinga, na kwamba anayekufa maji ni shahidi. La pili ni kweli, limethibiti katika hadithi sahihi. Lakini bishara hiyo ni faraja kwa waliofikwa, na haikumpa mtu ruhusa ya kuyafuata mauti, ilhali aya ya 195 ya Suratul-Baqara inakataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mkono wake. Ama la kwanza, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Nabii Nuhu alikuwa na ahadi ya Mola wake, na bado aliamrishwa kuunda jahazi. Tena katika Suratul-Kahf kuna kisa cha maskini waliofanya kazi baharini, ambao chombo chao kilitiwa kasoro ili mfalme dhalimu asikipore. Tuliwakumbusha wajumbe kwamba Allah alikijali chombo cha kazi cha maskini kiasi cha kumtuma mja wake mwema akihifadhi. Mjumbe yule alinyamaza kitambo, kisha akauliza bei ya majaketi.

Bei yake, yote manne, haikufika robo ya bei ya nyavu. La nne ni la mgeni au kibarua watakayempakia, kwa maana wa ziada ndiye husahauliwa. Kamati iliandika upya orodha ya mkopo: majaketi, madumu, kalafati, nanga na kamba yake, makasia mawili hata kama injini ipo, kisha nyavu. Injini tuliiahirisha hadi marejesho ya kwanza. Vijana hawakufurahi, na mmoja wao alisema wazi kwamba tunawafanyia utoto. Mama yake, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, alijibu kabla yetu: "Mwanangu, mimi sijui kuogelea, wala baba yako. Nikuombe nani akufuate huko?"

Mkataba ulitiwa saini mbele ya mashahidi wawili. Tumeweka sharti kwamba katibu au mjumbe mwingine atakwenda mwaloni kila mwezi, wakati wa mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi, akague chombo kikiwa nchi kavu. Vijana wamekwisha kukaa na namhala wiki mbili wakijifunza kuelea kwenye maji ya kifuani, na aliyeshusha mkono wake nusu sasa anaweza kwenda na kurudi umbali wa mtumbwi mmoja. Mkanda wa jaketi la nne ni mfupi, haumfungi mtu mnene. Fundi cherehani wa Lamadi ameahidi kuurefusha kabla ya giza la mwezi ujao, na mpaka hapo mtumbwi utatoka na watu watatu.