Herufi 160 Kutoka Mlima Kenya: Ujumbe wa Setilaiti Unavyofika Nyumbani

Septemba 1970, madaktari wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu kabisa na kilele cha Batian, mita 5,199, katika Mlima Kenya. Jiwe lilichomoka, Judmaier akaanguka na mguu wake ukavunjika vibaya. Oelz alilazimika kumwacha mwenzake mwambani na kushuka kutafuta msaada. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki moja. Walipanda waokoaji wa Kenya, wakaletwa wengine kwa ndege kutoka Austria, na rubani mmoja alipoteza maisha helikopta yake ilipoanguka. Judmaier alipona.

Kamba, machela na mikono ya watu vingehitajika hata leo. Kilichobadilika ni hatua ya kwanza, yaani kupeleka taarifa. Siku hizi kifaa chenye uzito wa gramu 100 kinaweza kutoa habari ya ajali kutoka mwamba uleule kwa dakika chache. Lakini anayekibeba bila kuelewa kinavyofanya kazi anaweza kukitegemea mahali kisipoweza kumsaidia.

GPS husikiliza tu

Simu ya mkononi huwasiliana na mnara, na mlima ukikaa katikati, mawasiliano hukatika. Kwenye mgongo wa mlima unaoitazama Nanyuki unaweza kubahatika kupata mtandao. Ukiteremka ndani ya Bonde la Teleki, mtandao unapotea. Hapo wengi hujifariji kwamba simu yao ina GPS. Faraja hiyo ni ya hatari. GPS ya simu hupokea ishara kutoka setilaiti zilizo kimo cha kilomita 20,200 hivi, kisha hupiga hesabu ya mahali ulipo. Yenyewe haitumi chochote. Utajua ulipo kwa usahihi wa mita chache, na hakuna mwingine atakayejua.

Kifaa cha ujumbe wa setilaiti hufanya kazi zote mbili: hupokea GPS ili kujua mahali kilipo, kisha huituma habari hiyo pamoja na maneno yako.

Kupitia Arizona

Vifaa vingi vya aina hii, vikiwemo inReach vya Garmin, hutumia mtandao wa Iridium. Una setilaiti 66 zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 780, kila moja ikikamilisha mzunguko kwa dakika 100 hivi. Ukaribu huo ndio unaookoa nguvu ya betri. Setilaiti za matangazo ya televisheni hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, umbali mkubwa zaidi kwa karibu mara 46. Nguvu ya wimbi la redio hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ishara ileile ingefika huko ikiwa dhaifu mara 2,100 hivi. Kwa kimo cha Iridium, antena ndogo ya urefu wa kidole inatosha.

Setilaiti ikishaupokea ujumbe, huurusha kwa setilaiti jirani, nayo kwa nyingine, hadi ushuke ardhini na kupitia mitambo ya Iridium iliyoko Tempe, jimbo la Arizona, Marekani. Kutoka hapo huingia kwenye intaneti na kumfikia ndugu yako kama SMS au barua pepe. Maneno "Tumefika salama" yaliyoandikwa kambi ya Mackinder, mita 4,200, huvuka nusu ya dunia kabla ya kumfikia mama aliye Nanyuki, chini ya mlima huohuo.

Si mitandao yote hufanya hivyo. Setilaiti za Globalstar, zinazotumiwa na vifaa vya SPOT, hazikabidhiani ujumbe zenyewe kwa zenyewe. Ni lazima setilaiti moja ikuone wewe na kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kifaa kinachofanya kazi vizuri Ulaya kinaweza kukuangusha Afrika. Huduma ya dharura ya setilaiti kwenye iPhone nayo, iliyoanza Novemba 2022 Marekani na Kanada, haipatikani kila nchi. Tazama ramani ya huduma kabla ya kulipa. Ukivuka mipaka, ulizia pia sheria, kwani India hukataza kubeba vifaa vya setilaiti bila kibali.

Anga, majani na baridi

Njia sita za setilaiti za Iridium hukaribiana kwenye ncha za dunia na hutengana zaidi kwenye ikweta, ambako ndiko uliko Mlima Kenya, kwa hiyo hapa setilaiti zinazoonekana kwa wakati mmoja ni chache. Juu ya kilele cha Lenana, mita 4,985, anga ni wazi na shida ni ndogo. Chini kabisa katika bonde la Gorges, kando ya Ziwa Michaelson, kuta za mwamba huziba sehemu kubwa ya anga. Hapo dawa ni subira: kiache kifaa mahali palipo wazi, setilaiti ipite kwenye upenyo. Ujumbe usipoondoka mara ya kwanza, usikizime. Kitajaribu tena chenyewe.

Ukanda wa mianzi una tatizo lake. Majani yaliyolowa mvua humeza mawimbi, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hufanya vilevile. Kifaa kifungwe juu ya mkanda wa shanta, antena ikielekea angani, kisitiwe mfukoni. Usiku lala nacho ndani ya begi la kulalia, kwa sababu baridi hudhoofisha betri.

Andika nini

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. "Tuna shida, tusaidieni" haumpi mwokoaji pa kuanzia. Linganisha na huu: "Mwanamke miaka 34, anakohoa povu, hawezi kutembea. Tuko Mackinder, watu 4. Tunaanza kumshusha kwenda Met Station. Tunahitaji oksijeni na machela." Haujafika herufi 160, lakini anayeujua mlima atatambua dalili za maji kujaa mapafuni, atajua waokoaji wakutane nanyi wapi na wabebe nini. Atajua pia kwamba mmeshaanza tiba iliyo muhimu kuliko zote, yaani kumteremsha mgonjwa.

Kitufe cha SOS hupeleka mahali ulipo kwenye kituo cha kuratibu uokoaji, ambacho huenda kiko bara jingine. Wahudumu wa kituo hicho huwasiliana na waokoaji wa eneo lako. Baada ya kukibonyeza, kiache kifaa kikiwaka na ujibu maswali yao.

Kubalianeni pia na walio nyumbani kuhusu ukimya. Ujumbe wa saa 4 usioonekana unaweza kuwa betri tu, wala si ajali. Waandikieni wasubiri hadi saa ngapi, na muda huo ukipita wampigie nani.

Jambo la mwisho nawaambia wenye kampuni za kupandisha watalii. Katika misafara mingi wapagazi ni wengi kuliko wageni, nao hutembea mbali na kundi, wamebeba mizigo mizito, huku kifaa kikiwa kwenye begi la mgeni au la kiongozi. Mpagazi akiteleza nyuma ya msafara, kifaa kilichotangulia hakimsaidii. Mpeni kifaa cha pili anayetembea mwisho. Na kabla ya kutoka getini, kila mmoja, kuanzia mpagazi mpya kabisa, akishike kwa mikono yake, aoneshwe kitufe cha SOS, na atume ujumbe mmoja wa majaribio.