Tairi la Mbele na la Nyuma Kutofautiana: Lini ni Sahihi, Lini ni Hatari

Na Mwandishi Wetu, Rujewa

Katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, pikipiki ni chombo cha abiria na cha mzigo kwa wakati mmoja. Asubuhi humpeleka mgonjwa hospitalini au mwanafunzi shuleni; mchana hubeba gunia la mpunga kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kukoboa. Safari hiyo moja huweza kuanzia kwenye tope jeusi la bonde la Usangu, ikapita kwenye vumbi la barabara ya mtaa na kuishia kwenye lami ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambako malori makubwa hupita usiku na mchana.

Kwa sababu hiyo matairi huchakaa upesi, na mara nyingi moja huisha kabla ya jingine. Ndipo swali linapojitokeza kwa wamiliki na madereva wengi: je, ni sawa kufunga tairi la aina moja mbele na la aina nyingine nyuma?

Jibu ni kwamba matairi mawili ya pikipiki yanaweza kutofautiana, na kwa kawaida hutoka kiwandani yakiwa tofauti. Kinachosababisha hatari ni kuliweka tairi mahali ambapo halikutengenezewa, au kuunganisha matairi mawili ambayo tabia zake barabarani hazipatani.

Kila tairi na kazi yake

Tairi la mbele huongoza chombo. Aidha, dereva anapofunga breki, uzito wa pikipiki na wa waliopanda husogea mbele, hivyo tairi hilo ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ndiyo maana matairi mengi ya mbele huwa membamba na huwa na mifereji mirefu inayofuata mzunguko wa tairi, ili pikipiki ishike mwelekeo na maji yapate njia ya kutoka.

Tairi la nyuma hupokea nguvu ya injini kupitia mnyororo na hubeba sehemu kubwa ya uzito wa abiria na mzigo. Kwa sababu hiyo huwa pana zaidi na meno yake huwa makubwa. Kwa mfano, pikipiki ndogo za biashara zenye ringi ya inchi 17 mara nyingi hufungwa tairi la 2.75-17 mbele na la 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha ringi. Tairi likiandikwa 90/90-17, upana wake ni milimita 90, kimo chake ni asilimia 90 ya upana huo, na ringi yake ni ya inchi 17.

Michanganyiko ya kuepukwa

Mchanganyiko wa kwanza ni kulihamishia mbele tairi la nyuma lililochakaa, kwa hoja kwamba mbele hakuna mzigo. Tairi lililotumika nyuma huwa limelika katikati na kuwa bapa. Likifungwa mbele, usukani huwa mzito, na pikipiki husita inapoinama kwenye kona. Ikumbukwe pia kwamba gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi dereva hupata nafasi ya kulirudisha katika mstari. La mbele likiteleza, kwa kawaida huanguka papo hapo.

Mchanganyiko wa pili ni kufunga tairi la mbele nyuma. Ubavuni mwa tairi huandikwa namba ya uwezo wa kubeba ikifuatiwa na herufi ya mwendo. Alama ya 41P inamaanisha tairi linaweza kubeba hadi kilo 145, na 50P hadi kilo 190. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Gunia la kilo 100 lililofungwa nyuma ya kiti huegemea karibu lote kwenye tairi la nyuma. Ukiongeza nusu ya uzito wa pikipiki yenye kilo 120, ambayo ni kilo 60, pamoja na kilo 45 hivi za mwili wa dereva, tairi hilo linabeba kilo 205. Huo ni uzito unaozidi hata uwezo wa tairi la 50P. Likiwa ni la 41P, limezidiwa kwa kilo 60, na matokeo yake ni kupata joto, kuchanika nyuzi na hatimaye kupasuka safarini.

Mchanganyiko wa tatu ni tairi la meno makubwa ya matope upande mmoja na la lami lililolainika upande mwingine. Kwenye lami iliyolowa, meno makubwa hugusa barabara kwa eneo dogo. Yakiwa mbele, breki hupoteza nguvu wakati inapohitajika zaidi. Dereva anayelazimika kupita kwenye matope na kwenye lami kwa siku moja anashauriwa kuchagua matairi ya matumizi mchanganyiko kwa magurudumu yote mawili.

Mchanganyiko wa nne ni kuongeza ukubwa kuliko ule ulioelekezwa. Tairi pana kupita kiasi huweza kugusa mnyororo au madigadi pikipiki inapobeba mzigo. Vilevile, katika pikipiki ambazo waya wa spidomita hutoka kwenye gurudumu la mbele, kubadili kimo cha tairi hilo huifanya spidomita isome mwendo usio sahihi.

Namna ya kukagua

Kabla ya kununua, mwananchi asome ubavu wa tairi. Ahakikishe ukubwa unalingana na ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na uwezo wa kubeba si mdogo kuliko wa tairi la awali. Atazame mshale wa mzunguko. Baadhi ya matairi huwa na mishale miwili inayoelekea pande tofauti, mmoja kwa matumizi ya mbele na mwingine kwa ya nyuma. Tarehe ya kutengenezwa husomwa katika tarakimu nne: 2324, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.

Kwa tairi linalotumika, zitafutwe herufi TWI ubavuni. Mkabala na herufi hizo, ndani ya mifereji, kuna vinundu vidogo. Meno yakilika hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama halijawa kipara.

Upepo nao upimwe matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo na si kwa kubonyeza kwa kidole. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki, na mara nyingi cha nyuma huongezwa kunapokuwa na abiria.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kiwe katika hali inayofaa kutumika barabarani. Wajibu huo ni wa dereva na wa mmiliki pia. Mmiliki anayempa kijana pikipiki kwa hesabu ya kila siku anapaswa kutenga fedha za matairi katika hesabu hiyo, kwa kuwa dereva asiyeachiwa chochote ndiye hulazimika kuhamisha tairi kuukuu kutoka nyuma kwenda mbele.

Mnunuzi adai risiti, na anapotilia shaka ubora wa tairi atoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au kwa Tume ya Ushindani (FCC) iwapo anadhani ni bidhaa bandia. Abiria naye ana haki ya kutazama matairi kabla ya kupanda, na kukataa safari akiona moja limekwisha. Fedha zikitosha tairi moja tu, linunuliwe la gurudumu lenye tairi lililochakaa zaidi, lifungwe mahali lilipotengenezewa, na lile kuukuu liondolewe barabarani.