Mbona jeni ya selimundu haijaisha? Biolojia ya chuo kupitia swali moja

Kila aliyesoma PCB au CBG ameshaambiwa kwamba biolojia ni somo la kukariri. Fizikia ina hesabu, kemia ina milinganyo, biolojia ina majina. Ukiwa na kichwa kizuri cha kushika majina, umefaulu.

Kwa hiyo wengi wanaingia mwaka wa kwanza na mbinu ileile ya sekondari: unakusanya madesa, unapitia mitihani ya miaka iliyopita, unabukua usiku wa kuamkia mtihani. Na wapo walioingia shingo upande. Walitaka udaktari, wakakosa nafasi, wakaangukia shahada ya biolojia, na kila wakirudi nyumbani wanaulizwa, "Sasa hiyo ukimaliza unakuwa nani?"

Makala hii ni kwa ajili ya hao, na kwa yeyote anayejiuliza biolojia ya chuo inafundisha nini hasa. Badala ya kuorodhesha kozi, tuchukue swali moja tulifuate mpaka mwisho: kama selimundu inaua watoto, mbona jeni yake haijaisha?

Tuanze na kemia

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna protini iitwayo himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Imeundwa na minyororo minne, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa kwa mstari. Mwenye selimundu ametofautiana na wengine mahali pamoja tu: asidi amino ya 6. Panapotakiwa kuwa na asidi glutamiki, kuna valini.

Badiliko ni dogo lakini madhara yake ni makubwa. Oksijeni ikipungua, himoglobini hizo hunatana na kujipanga kama nyuzi ndefu, na chembe inapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa anapungukiwa damu. Na kwa kuwa imekakamaa, inaziba mishipa midogo. Hapo ndipo yanapotoka yale maumivu makali.

Mtu hurithi nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili za selimundu ni mgonjwa. Mwenye moja ya selimundu na moja ya kawaida ni mbebaji: kwa kawaida yu mzima, na anaweza kuzeeka bila kujua.

Mpaka hapa ukikariri, utajibu maswali ya mtihani. Lakini swali letu bado halijaguswa.

Sasa tuhesabu

Chukua kijiji cha kubuni chenye watoto 100. Wana jumla ya nakala 200 za jeni hii. Tuseme 20 kati ya hizo, yaani asilimia 10, ni za selimundu. Kama wazazi wao walioana bila kuangalia jeni, kanuni ya urithi inatupa watoto 81 wasio nayo kabisa, 18 wabebaji, na 1 mgonjwa.

Zamani, kabla ya tiba, mtoto mgonjwa kwa kawaida hakufika umri wa kuzaa. Akifariki huyo mmoja, nakala 2 za selimundu zinaondoka naye. Zinabaki 18 kati ya 198, karibu asilimia 9. Kizazi kinachofuata inashuka tena. Ukiendelea na hesabu hiyo, baada ya vizazi 10, tuseme miaka 250, imebaki asilimia 5. Baada ya vizazi 40, yaani miaka 1,000, imebaki asilimia 2.

Watu wameishi ukanda huu kwa maelfu ya miaka. Kwa hesabu hii jeni ya selimundu ilitakiwa iwe adimu sana, lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Basi kuna kitu kinairudisha. Kitu gani?

Ramani ikajibu

Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na wakati huo mwanafunzi Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo chake. Akakusanya sampuli za damu za watu wa jamii mbalimbali. Akakuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kulikuwa na jamii ambazo wabebaji walizidi 20 kati ya kila watu 100. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, wengine hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Pwani na ziwani kuna mbu na malaria nyingi. Milimani, malaria ni chache.

Lakini subiri kidogo. Ramani mbili kufanana si ushahidi. Pengine ni suala la ukoo tu: watu wa asili moja wanabeba jeni moja popote wanapokwenda. Hapa ndipo uzuri wa data zile ulipo. Wagiriama wa pwani na Wakikuyu wa milimani wote ni Wabantu, lakini Wagiriama walikuwa na wabebaji wengi na Wakikuyu wachache sana. Wajaluo wa ziwani si Wabantu, ila nao walikuwa na wabebaji wengi. Kiwango kilifuata malaria, si lugha wala asili.

Allison aliendelea na utafiti, na mwaka 1954 akachapisha kwenye British Medical Journal ushahidi kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Tafiti nyingi zilizofuata zikamuunga mkono. Mbebaji anaweza kuumwa malaria kama mtu mwingine yeyote, ila uwezekano wa kupata ile malaria kali inayoua ni mdogo zaidi.

Turudi kijijini kwetu. Mtoto 1 mgonjwa amefariki. Sasa tuseme kati ya wale 81 wasio na jeni hii, malaria imeua 9, na wabebaji 18 wote wamepona. Wamebaki watoto 72 na 18, jumla 90, wenye nakala 180. Za selimundu ni 18. Gawanya: asilimia 10 kamili. Jeni imebaki palepale!

Hilo ndilo jibu. Jeni haikuisha kwa sababu kwa kila mtoto aliyekufa nayo, malaria iliua wengine kwa kuikosa. Kwenye mfano wetu ni tisa kwa mmoja.

Kumbe chuo kinafundisha nini?

Angalia tulipopita: kemia ya protini, urithi, takwimu, ikolojia ya mbu, mageuko. Kwenye ratiba ya chuo hizo ni kozi tofauti, walimu tofauti, pengine miaka tofauti, na kila moja ina mtihani wake. Hakuna atakayekuunganishia. Ukisoma kila kozi ili uitapike kwenye karatasi, utamaliza miaka mitatu ukiwa na vipande vitano visivyojuana.

Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, usiikimbie takwimu. Ndiyo kozi inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo iliyobeba makala hii. Pili, kila ukipewa ukweli darasani, jiulize: kama hili si kweli, ningetegemea kuona nini? Ndicho tulichofanya kwa Wagiriama na Wakikuyu. Ukienda fildi au ukianza mradi wa mwaka wa tatu, swali hilo ndilo litakalokuokoa.

Na kwa yule anayeulizwa nyumbani atakuwa nani, chukua mfano huu. Wazazi wawili wabebaji wanaambiwa kuna uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuzaliwa mgonjwa. Ni rahisi kuelewa hivi: "Wa kwanza ameshaumwa, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." Si hivyo. Kila mimba inaanza upya na uwezekano uleule, mmoja kati ya wanne, kwani jeni hazikumbuki mimba iliyopita. Wengine wanaishia kumlaumu mama, au kutafuta aliyeroga, wakati nakala moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama.

Daktari atamtibu mtoto huyo, na tunamhitaji. Lakini anahitajika pia mtu wa kukaa na familia hiyo, akaeleza kwa Kiswahili, bila jina moja gumu, kilichotokea na kinachoweza kutokea mimba ijayo, na kwa nini wote wawili wapime. Kama umesoma shahada ya biolojia na bado huwezi kuyaeleza hayo, rudi kwenye madesa yako, safari hii usikariri.