Gari la Waya Darasani: Mashindano Yanayofundisha Kusoma, Kuhesabu na Sayansi

Ukipita Mwese jioni, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Katavi, si ajabu kumkuta mtoto akisukuma gari alilolitengeneza mwenyewe. Bodi ni ya waya au kipande cha mbao, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa au ni vizibo vya chupa, na usukani ni mti mrefu unaofika mikononi mwake. Wazazi wengi huona mchezo tu. Wengine hulitupa gari hilo motoni kwa sababu mtoto amechelewa kuchota maji.

Makala hii inaeleza jinsi gari hilohilo linavyoweza kumsaidia mwalimu na mzazi kufundisha mambo matatu kwa pamoja: sayansi, hesabu na kusoma. Halihitaji fedha nyingi wala umeme. Linahitaji mteremko, rula, daftari na mtu mzima mwenye subira.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Shule zetu hutilia mkazo stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, katika Darasa la Kwanza na la Pili. Mtoto akizikosa hapo, madarasa ya juu humwia magumu. Hupewa swali la sayansi alisome mwenyewe, naye hawezi kulisoma. Huhesabiwa kuwa hajui sayansi, kumbe kinachomshinda ni maandishi. Akiendelea kushindwa huona aibu, huanza kutoroka, na mwisho huacha shule.

Mtoto huyohuyo lakini anaweza kukueleza vizuri kwa nini gari lake linavuta upande mmoja na atakavyolitengeneza. Akili anayo. Kazi yetu ni kuanzia pale anapojua na kumpeleka pale asipojua.

Somo la sayansi: mteremko na msuguano

Chukua ubao wenye urefu wa mita moja hivi. Egemeza ncha moja juu ya matofali, na ile nyingine iguse ardhi iliyofagiwa vizuri. Weka gari juu ya ubao, uliachie bila kulisukuma, kisha upime lilikosimama kuanzia mwisho wa ubao.

Kabla ya kuachia, kila mtoto abashiri na kuandika ubashiri wake. Hatua hii isirukwe. Mtoto aliyeandika kwamba gari litafika mita 2 atatazama kwa makini kuliko aliyekuja kushangilia tu.

Sasa waulize: tofali likiongezwa, gari litafika wapi? Tukiweka mchanga chini je? Tukipaka mafuta kidogo kwenye ekseli je? Hapa ndipo watoto wanapokutana na nguvu mbili kubwa. Mvutano wa dunia hulishusha gari, na msuguano hulizuia. Watoto wa Mwese wanaufahamu msuguano hata kama hawajui jina lake. Wameona lori likizungusha magurudumu kwenye utelezi wa masika bila kusogea, na utingo akikata matawi na kuyaweka chini ya tairi ili lipate kushika. Waambie kwamba msuguano unaolichelewesha gari lao la waya ndio huohuo ambao lori liliukosa kwenye tope.

Kanuni moja ishikwe sana: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukiongeza tofali na kubadilisha magurudumu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Watoto wengi pia huamini kwamba gari zito lazima liende mbali zaidi. Usiwakatalie. Wafunge jiwe juu ya gari, wapime. Mara nyingine litasonga mbele kidogo, mara nyingine ekseli itapinda na gari litakwama. Hapo watajifunza kutoamini jambo mpaka wamelijaribu.

Njia hii ina historia ndefu. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, mwanasayansi Galileo wa Italia alivingirisha vitufe kwenye mteremko ili apunguze mwendo wa kuanguka na kuweza kuupima. Hakuwa na saa nzuri. Alitumia maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye chombo, akayapima uzito, na hivyo akajua muda uliopita. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1638. Shule isiyo na vifaa vya maabara isijione kwamba haiwezi kufanya sayansi.

Somo la hesabu: pima mara tatu

Gari likiachiwa mara tatu mahali palepale, halisimami sehemu ileile. Watoto hubishana ni kipimo kipi cha kweli, na hapo ndipo pa kufundisha wastani. Tuchukue mfano: gari limefika sentimita 182, halafu 190, halafu 174. Jumla ni 546. Gawanya kwa 3, wastani ni sentimita 182. Wakubwa wachore grafu, urefu wa matofali upande mmoja na umbali upande wa pili. Wadogo wapime kwa hatua au kwa vijiti vinavyolingana na kuvihesabu.

Kwa mwendokasi, tumia njia ndefu zaidi, kwa sababu kwenye ubao gari hupita haraka mno kupimika kwa saa. Pima mita 12 uwanjani. Mtoto akimbie akisukuma gari lake, mwingine aangalie saa au simu ya mwalimu. Akitumia sekunde 4, amekwenda mita 3 kwa kila sekunde. Kwa kuwa saa moja ina sekunde 3,600, hiyo ni mita 10,800, yaani kilomita 10.8 kwa saa. Mtoto akijiona ana mwendo kama wa baiskeli, ataomba apimwe tena, na atapiga hesabu nyingine bila kulazimishwa.

Mashindano makubwa nayo ni hesabu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari hayakuondoka yote kwa pamoja. Kila moja lilipewa wakati wake wa kuondoka, na kuchelewa vituoni kulileta alama za adhabu. Mwaka 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama sawa, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike ndipo Mehta akapata ushindi. Asiyejua kujumlisha na kutoa hawezi kujua nani ameshinda.

Somo la kusoma: dereva na msomaji wa njia

Watu wengi hudhani kusoma hakuhusiani na magari. Katika mbio za rali, gari lina watu wawili. Mmoja anaendesha, na wa pili humwongoza kwa maandishi: kona iko wapi, ni kali kiasi gani, mbele kuna mto au shimo. Joginder Singh wa Kenya aliposhinda Safari mwaka 1965, aliyekaa pembeni yake ni ndugu yake Jaswant. Msomaji akikosea, dereva hodari naye huishia mtaroni.

Fanyeni hivyo shuleni. Kundi la kwanza lichore njia uwanjani kwa mawe na majivu, kisha liandike maelezo: "Nenda hatua tano. Pinda kushoto. Punguza mwendo, kuna daraja. Simama." Kundi la pili lisiione njia hiyo mapema. Mtoto mmoja asome kwa sauti, na mwenzake aendeshe gari la waya akifuata anachosikia, huku amefumba macho au amefungwa kitambaa. Likitoka njiani, wote warudi kwenye karatasi waangalie: maandishi yalikosewa, au msomaji alikosea?

Kwa Darasa la Kwanza, anza na kadi za maneno machache: kulia, kushoto, simama, nenda. Yakatwe kwa silabi na kuunganishwa tena. Asiyejua kusoma asichekwe. Apewe kadi moja leo, mbili kesho. Neno analosoma lina kazi ya kufanya, na akilisoma sawasawa gari linapita.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, wasichana wasiachwe pembeni kushika daftari huku wavulana wakishika magari. Kila kundi libadilishane kazi: fundi, mpimaji, mwandishi na msomaji. Pili, ncha za waya zikunjwe na kingo za makopo zisuguliwe kwa jiwe ili zisikate mikono. Tatu, mashindano yafanyike uwanjani, kamwe si barabarani. Nne, zawadi isiwe ya gari la haraka tu. Mpe pia zawadi aliyebashiri vizuri, aliyeandika kumbukumbu safi, na aliyesoma bila kukosea.

Mashindano ya namna hii yamedumu kwingineko. Mwaka huohuo wa 1953, Don Murphy wa mji wa Manhattan Beach, California, alianzisha mbio za magari madogo ya mbao kwa watoto wa skauti, yakishuka kwenye mteremko bila injini. Mbio hizo zinaendelea Marekani hadi leo. Huko watoto hupewa kipande cha mbao na magurudumu yaliyo tayari. Watoto wetu hutafuta kila kitu wenyewe, na hilo ni somo la ziada.

Wazazi na wajumbe wa kamati za shule, tunawaomba mambo madogo: ubao mmoja, futikamba ya fundi cherehani, daftari moja kwa kila kundi, na nusu saa kwa wiki. Na mtoto akirudi nyumbani na gari la waya, msilitupe. Mwulizeni lilifika mita ngapi, kisha mwambieni awasomee alichoandika.