Matumizi ya Grafu katika Kufundisha Habari za Biashara

Mwalimu anapoandika ubaoni orodha ndefu ya mauzo, wanafunzi huinakili kwa utii, lakini walio wengi hawaipati maana yake. Tarakimu zimo, ila uhusiano baina yake umejificha. Kazi ya grafu ni kuudhihirisha uhusiano huo mbele ya macho.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1786 William Playfair, mzaliwa wa Uskoti, alichapisha mjini London kitabu kilichoonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari iliyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Kwa upande wa Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Mstari wa miaka haukuwezekana. Kwa hiyo alichora mihimili: mmoja wa bidhaa zilizoingia na mwingine wa zilizotoka, kwa kila mahali palipofanya biashara na Uskoti. Fundisho ni kwamba aina ya grafu hutegemea swali linaloulizwa na takwimu zilizopo. Mstari huonyesha mabadiliko ya muda, mihimili hulinganisha, na duara huonyesha mgawanyo wa kitu kizima.

Tuchukue mfano wa duka la shule. Tuseme madaftari yaliyouzwa Jumatatu hadi Ijumaa ni 12, 8, 6, 4 na 20. Kwanza mwalimu aulize: ni siku gani duka lihitaji akiba kubwa? Kisha wanafunzi wachague skeli, sentimita 1 kwa madaftari 2, wapate mihimili ya sentimita 6, 4, 3, 2 na 10. Mwisho waeleze kwa maneno yao wenyewe walichokiona, na wakisie sababu yake.

Hata hivyo, grafu yaweza kupotosha. Mauzo yakipanda kutoka shilingi 50,000 hadi 55,000, ongezeko ni sehemu moja ya kumi tu. Lakini mchoraji akiuanzisha mstari wa wima kwenye 45,000 badala ya sifuri, mhimili wa pili utakuwa na urefu mara mbili ya ule wa kwanza. Tarakimu ni za kweli, bali jicho limedanganywa. Yafaa mwalimu achore grafu zote mbili ubaoni, awaachie wanafunzi wagundue tofauti.

Mtoto huyu kesho atakuwa mwanachama wa chama cha ushirika, naye ataonyeshwa taarifa ya mapato. Asipozoea kuuliza mstari umeanzia wapi, ataipigia kura asiyoielewa.