Benchi ya 7-1 haikuiba kitu: shida ya rugby iko ku kichwa

Toka tarehe 15 Oktoba 2023 kuko ubishi mmoja ambao haujaisha kati ya wachimbaji wanaopenda rugby huku kwetu Kolwezi. Siku ile, ku Stade de France, Afrika ya Kusini iliwashinda Wafaransa 29 kwa 28 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Nusu yetu wanasema: wizi. Nusu ingine wanasema: kazi. Sisi tunaoandika hapa tuko upande wa kazi, na leo tunataka kueleza juu ya nini, bila kelele.

Tunajua wasomaji wengi wataguna. Huku Katanga mpira ni wa miguu, na mtu akitaja rugby wengine wanadhani ni mapigano tu. Lakini kila juma lori zinapita Kasumbalesa na vyuma vya mashine kutoka Johannesburg, na mafundi wa kule wanakuja pamoja navyo. Hao njo walitufundisha mchezo wao. Kisha kuko dekoda ya Kifaransa ku nyumba, inatuonyesha mechi za Wafaransa. Kwa hiyo siye tuko katikati: mashine ya Afrika ya Kusini, luga ya Ufaransa. Ubishi hauwezi kukosa.

Kwa wale hawajui, tuseme kwa ufupi. Ekipe iko na watu 15. Wale 8 wa mbele ni wazito, kazi yao kusukumana ku mele, kuruka ku tushi, kubeba na kubomoa. Wale 7 wa nyuma wanakimbia na wanapiga balo na mguu. Ku benchi kuko watu 8. Desturi ya zamani ilikuwa 5 wa mbele na 3 wa nyuma. Rassie Erasmus, mkubwa wa rugby ya Afrika ya Kusini, alivunja desturi ile. Mwaka 2019, wakati walichukua kombe kule Japani, alitia 6 wa mbele na 2 wa nyuma. Mwaka 2023 akaenda mbali zaidi: 7 na 1.

Hesabu ya kweli ya robo fainali

Wandugu wanaolia wizi wanasema kila mara: "Walitushinda na benchi yao ya 7-1, wakatuletea watu wapya wa kilo 120 wakati wetu walikuwa wamechoka." Hapana. Siku ya Ufaransa benchi haikuwa 7-1. Ilikuwa 5-3, ya desturi kabisa. Mbele ya Uingereza katika nusu fainali, tena 5-3. Ile 7-1 ilitumika mbele ya Nyuzilandi ku Twickenham mwezi wa Agosti (35 kwa 7), mbele ya Irlandi katika makundi, ambapo walipoteza 13 kwa 8, na katika fainali.

Sasa Ufaransa ilishindwa na nini? Tuangalie. Kipindi cha kwanza Wafaransa waliongoza 22 kwa 19. Kisha ese ya Peato Mauvaka, Thomas Ramos alijiweka kupiga pigo la nyongeza, lile la pointi 2. Cheslin Kolbe alikimbia toka ku mstari akazuia balo na mwili. Pointi 2 zilipotea pale, na mechi iliisha kwa tofauti ya pointi 1. Kisha dakika ya 67 Eben Etzebeth aliingia ku mstari na watu wawili juu yake. Huyu Etzebeth alikuwa amekwisha kupata kadi ya njano ya dakika 10 katika mechi ile ile.

Wanasema Kolbe alitoka mapema. Sheria inasema adui anaweza kukimbia wakati mpigaji anaanza kuenda kupiga. Tuliangalia picha ile mara nyingi, tukairudisha nyuma, tukaisimamisha. Kwa macho yetu Ramos alikuwa amekwisha kujongea. Kolbe ni mtu mfupi, wengi wangemwambia apumzike ku mstari na angojee. Yeye alifanya kazi ambayo watu wengi wanaona haina faida, na ile kazi njo ililipa.

Lakini tuseme ukweli wote. Kuko jambo moja ambalo Wafaransa wako na haki ya kuuliza: ile balo ambayo Etzebeth aliigusa na mkono mapema katika mechi, wakati Wafaransa walikuwa wanakaribia mstari. Mwamuzi Ben O'Keeffe aliacha mchezo uendelee. Antoine Dupont, kapiteni, alisema wazi kisha mechi kwamba uamuzi haukuwa wa kiwango cha mechi ile. Alicheza na kofia ya kulinda uso juu mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika mbele ya Namibia majuma matatu nyuma. Mtu kama yule akisema, hatumwiti mulalamikaji. Tunasema tu: jambo moja la mwamuzi halifute pigo la Kolbe wala ese ya dakika ya 67.

7-1 ni kupanga zamu

Turudi ku benchi. Wakati ile 7-1 ilitokea, watu wakubwa wa rugby walisema si haki, si roho ya mchezo. Siye wachimbaji tulicheka. Mtu anayejua kazi ya zamu hawezi kushangaa. Unaangalia kazi gani iko nzito, unatia watu pale. Kama kazi ya mele njo inamaliza watu, unaleta watu wapya pale. Ni hesabu ya kapita yeyote anayejua kazi yake.

Tena, 7-1 haiko bure. Inalipiwa. Katika fainali ya 28 Oktoba 2023, Bongi Mbonambi aliumia ku mguu dakika za kwanza tu. Yeye alikuwa mtu wa katikati ku mele, yule anayerusha balo ku tushi. Malcolm Marx, mwenzake, alikuwa amekwisha kuumia na kurudi nyumbani, na nafasi yake walimwita Handré Pollard, mpigaji. Basi aliingia Deon Fourie, miaka 37, mtu ambaye wakati ule alikuwa anacheza zaidi pembeni ya mele. Alibeba kazi ile karibu mechi nzima. Tushi iliteseka, kila mtu aliona. Na ku benchi kulikuwa mtu mmoja tu wa nyuma, Willie le Roux. Kama Faf de Klerk angeumia, hakukuwa mwenye kazi yake hata mmoja. Walishinda 12 kwa 11, pointi zote 12 ku mguu wa Pollard, yule yule waliyemwita nafasi ya Marx. Pieter-Steph du Toit alipiga takle 28. Robo fainali pointi 1, nusu fainali 16 kwa 15, fainali pointi 1. Hiyo iko bahati? Mara moja, ndiyo. Mara tatu ni watu wanaojua kuvumilia.

Na wale walisema 7-1 ni aibu, walifanya nini kisha? Tarehe 8 Machi 2025, kule Dublin, Fabien Galthié alitia benchi gani mbele ya Irlandi? 7-1! Dupont akaumia goti mapema. Maxime Lucu, mtu pekee wa nyuma ku benchi, akaingia. Kisha Pierre-Louis Barassi akatoka kwa ajili ya kichwa, na Oscar Jegou, mtu wa mbele, akaenda kucheza katikati ya wale wa nyuma. Wafaransa walishinda 42 kwa 27 na juma lililofuata wakachukua kombe la Mataifa Sita. Hatusikii tena neno aibu ku dekoda. Mbinu ni mbaya wakati jirani anaitumia, kumbe ni akili wakati iko yetu.

Kadi mbili, maelezo hakuna

Sasa tufike ku jambo ambalo linatuuma zaidi kuliko benchi. Katika fainali ile ile, kapiteni wa Nyuzilandi Sam Cane alipiga kichwa cha Jesse Kriel. Kadi ya njano, kisha waamuzi wa video wakaigeuza kuwa nyekundu. Ni ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Kipindi cha pili Siya Kolisi, kapiteni wa Afrika ya Kusini, aligonga kichwa cha Ardie Savea. Njano, na ikabaki njano.

Siye tunamupenda Kolisi. Mtoto wa Zwide, pembeni ya Port Elizabeth, aliyeangalia fainali ya 2007 ku baa juu nyumbani hakukuwa televizioni. Mwaka 2018 akawa kapiteni wa kwanza mweusi wa Springboks ku mechi za mataifa, akabeba kombe mara mbili. Lakini mapenzi hayafungi macho. Pengine tofauti ilikuwa ya kweli, pengine Kolisi alikuja na nguvu kidogo. Shida ni kwamba watu milioni walikaa mbele ya televizioni na hakuna aliyewaeleza palepale. Sisi wa sendika tunajua jambo hili: azabu bila maelezo, hata ikiwa ya haki, inazaa chuki. Mfanyakazi akipewa barua ya azabu bila sababu, kesho yake chantier nzima imekasirika.

Na kuko tena ile kadi nyekundu ya dakika 20. Mchezaji anayekosa anatoka kabisa, lakini kisha dakika 20 ekipe inaingiza mwingine, wanakuwa tena 15. Walianza nayo mwaka 2021 katika kombe la inchi za kusini, na mwaka 2025 ikaingia ku Mataifa Sita. Wafaransa waliikataa. Hapa siye tunasimama na Wafaransa, na marafiki zetu wa upande wa "kazi" washangae kama wanataka.

Juu ya nini? Juu kadi ile inaazibu mtu, haiazibu ekipe. Kama kocha anajua hatapoteza mechi, hatapoteza saa za mazoezi kumufundisha mchezaji kuinama chini wakati wa takle. Tunaona hii kila siku ku mugoti. Ajali inatokea, wanamufukuza kijana mmoja, wanaleta mwingine, kazi inaendelea. Mkanda wa usalama uliokwisha kuchakaa unabaki ku ukuta. Siku ajali ikianza kugusa bonasi ya wakubwa, mikanda mipya inafika ndani ya juma moja. Ekipe ikiteseka, ekipe inabadilika. Afrika ya Kusini wenyewe walionyesha kwamba inawezekana kubeba mzigo ule: tarehe 8 Novemba 2025, tena ku Stade de France, Lood de Jager alipata nyekundu kamili, wakabaki 14 kipindi chote cha pili, wakashinda 32 kwa 17. Nyekundu haiui mchezo.

Kichwa hakina spea

Tunasema hivi kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Steve Thompson. Alikuwa mtu wa katikati ku mele ya Uingereza walipochukua Kombe la Dunia 2003. Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alisema mbele ya watu wote kwamba hakumbuki kushinda fainali ile. Ugonjwa wa kusahau, ule wa wazee, umemupata katika umri wetu sisi. Yeye na wachezaji wengine wa zamani walipeleka World Rugby na mashirikisho ya Uingereza na Wales mahakamani. Wanasema hawakulindwa.

Siye tunajua hadisi hii vizuri. Vumbi la mugoti halikuui siku unalivuta. Linangojea. Unatoka kazini, unarudisha kofia na kadi ya mlango, kisha miaka kumi mapafu yanaanza kukuita. Ukienda kulalamika wanakuuliza: "Uko na karatasi gani kwamba ilikuwa ni huku?" Wachezaji wale wanaulizwa swali lile lile.

Kwa hiyo wale wanaosema benchi ya watu wazito wapya inaumiza waliochoka, hatuwacheki ku jambo hili. Jibu letu: mtu aliyechoka njo anaweka kichwa mahali pabaya ku takle, na kumutoa mapema kunamulinda. Lakini ni jambo la kupimwa na waganga, si la kukatwa na makocha wanaotafuta ushindi. Kuko shirika la wachezaji la dunia, International Rugby Players. Wakae ku meza na wawe na sauti yenye uzito, si kiti cha kupamba. Ufaransa toka 2019 ilishusha takle mpaka kiuno kwa wale wasiolipwa, kisha vijana kufa mwaka uliotangulia. Walilia, lakini walibadilisha sheria. Hiyo tunaipigia makofi kuliko ese yoyote.

Kuko mtoto wa Kinshasa, Madosh Tambwe, aliyekomalia Afrika ya Kusini, akacheza na Bulls, kisha akaenda Bordeaux. Mu mwili wake mmoja kuko Kongo, Afrika ya Kusini na Ufaransa, sawa na ubishi wetu. Tunamutakia yeye na wenzake ese nyingi. Zaidi ya ile, tunawatakia wafike miaka 60 na wakumbuke kila moja.

Basi wandugu wa upande wa "wizi", njooni tuendelee kubishana juu ya Kolbe na O'Keeffe, hatuchoki. Lakini juu ya kadi ya dakika 20 na juu ya kichwa, tusimame pamoja.