Jina la Mwakyusa: Asili Yake, Maana Yake na Kuenea Kwake

Wasomaji wetu wa Kyela, wa Rungwe na wa pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wanajua kwamba kabila kubwa la nchi hiyo huitwa Wanyakyusa. Lakini si wote wanaojua kwamba jina hilo la watu wengi lilianza kuwa jina la mtu mmoja na nyumba yake, na kwamba nyumba hiyo ingali na watu wanaoitwa Mwakyusa. Twaona vema kueleza habari hii, maana majina ya nyumba yanapotea upesi siku hizi, na pamoja nayo yapotea maarifa ya nani ni ndugu wa nani.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kinyakyusa watu wa kabila hili hujiita Abanyakyusa, na mmoja wao ni umunyakyusa. "Aba" ni sawa na "wa" ya Kiswahili. "Nya" ni silabi ya kuonyesha mahali au watu ambao mtu ni wao, kama tunavyoiona katika Mnyamwezi na Mnyarwanda. Tukiziondoa silabi hizo, linabaki Kyusa. Sasa tulichukue jina la ukoo, Mwakyusa. Tukiondoa "Mwa", linabaki Kyusa lile lile. Basi Mwakyusa ni mtu wa nyumba ya Kyusa, na Mnyakyusa ni mtu wa watu wa Kyusa. Wazee husimulia kwamba kabila lilipata kuitwa hivyo kwa sababu ya mkuu wao wa zamani, Mwakyusa. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba Mwakyusa ni Mnyakyusa, lakini si kila Mnyakyusa ni Mwakyusa.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini katika nchi hii mna majina mengi sana yenye "Mwa", na kila jina lina watu wachache? Mwaipopo, Mwakasege, Mwakalinga, Mwaikambo, Mwakyembe, na mengine mengi. Sababu moja kubwa ni desturi ya utawala wa zamani. Mkuu wa nchi aliitwa malafyale, na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka. Katika sherehe hiyo nchi ya malafyale iligawanywa kwa wana wake wawili wakubwa, na kila mmoja akapewa watu wake na upande wake. Vijana nao walijenga vijiji vyao wenyewe, mbali na vijiji vya baba zao. Hivyo nchi moja ilizaa mbili, na hizo mbili zikazaa nyingine, hata nchi ndogo ndogo zikazidi 100. Kila mkuu mpya aliweza kuwa mwanzo wa nyumba mpya, na jina lake likashikwa na wajukuu wake. Na watu wasio wa nyumba za wakuu nao walijiita kwa majina ya babu zao. Ndiyo maana jina moja halikuenea kwa watu maelfu kwa maelfu.

Tena majina haya hayakukoma penye mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana kwamba Mto Songwe uwe mpaka wao. Lakini masimulizi ya kale yasema kwamba Kyungu, mkuu wa Wangonde, alitoka katika milima ya Ukinga akaenda kukaa Mbande, karibu na Karonga, ambayo leo ni nchi ya Malawi. Ndiyo sababu ng'ambo ya Songwe twakuta Mwangonde na Mwafulirwa, yenye umbo lile lile la majina ya Kyela. Hata hivyo asidhani mtu kwamba kila "Mwa" yatoka Unyakyusa. Wataita na Wadigo wa Kenya wana majina kama Mwakio na Mwakwere, nao hawakutoka Ziwa Nyasa. Desturi hii ya kumtaja mtu kwa nyumba yake iko hata kwa mataifa ya mbali: Waskoti wana "Mac", na Waarabu wana "bin".

Sasa, jina la nyumba moja lilipataje kuwa jina la kabila zima? Hapo zamani kila sehemu ya nchi ilikuwa na jina lake. Walikuwako Wakukwe, Waselya, Walugulu, Wasaku, na Wanyakyusa wenyewe walikuwa sehemu moja miongoni mwao. Wadachi katika vitabu vyao waliandika "Konde", neno litokanalo na Ngonde. Waingereza walipokwisha kuishika nchi katika vita, mwaka 1916, na baadaye walipoweka utawala wa wenyeji kwa sheria ya 1926, walitaka jina moja la kuandika katika vitabu vya serikali, na jina la Wanyakyusa likazidi kutumika kwa wote. Kati ya 1934 na 1938 Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi hiyo wakichunguza desturi zake, na vitabu vya Bibi Monica, kuanzia kile cha 1951, vililitangaza jina hilo katika vyuo vya dunia. Vijana waliokwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa walilichukua pia, maana ugenini huulizwa mtu kabila lake kabla ya kuulizwa nyumba yake.

Jina la nyumba nalo halikufichika. Profesa David Mwakyusa alikuwa Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii wa Tanzania tangu 2006 hata 2010, na kwa kazi yake jina hilo lilisikiwa nchini kote.

Lakini liko jambo la kuogopwa. Majina ya kupewa mtoto ni mazuri na yana maana: Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Atupele ni "ametupa", yaani Mungu. Desturi ya ofisi nyingi ni kuandika jina la mtoto, la baba na la babu. Basi tutoe mfano. Babu ni Gwamaka Mwakyusa. Mwanawe akiandikwa Lusajo Gwamaka, na mjukuu akiandikwa Atupele Lusajo Gwamaka, nyumba imekwisha kufutika katika karatasi kwa vizazi viwili tu, ingawa damu ingali hai. Hatari ya pili ni herufi. Sauti ya "ky" ni ngeni kwa sikio la mtu asiye wa nchi hiyo, naye huweza kuandika Mwakiusa au Mwachusa. Siku ya mirathi, cheti cha kuzaliwa chasema hivi, kitambulisho cha taifa chasema vingine, na mtoto wa halali aambiwa athibitishe kwamba yeye ni mtoto wa baba yake. Gharama ya safari na viapo humwangukia yeye, wala si yule aliyekosea herufi.

Iko na hasara isiyo ya fedha. Wazee waliuliza jina la nyumba kabla ya kuipokea posa, ili jamaa wa damu moja wasioane. Jina likipotea, swali hilo halina jibu, hasa kwa vijana wanaokutana Mbeya au Dar es Salaam, mbali na bibi na babu.

Kwa hiyo twatoa shauri. Wazazi waandikishe mtoto mapema, wakitaja jina la nyumba na kulisoma wenyewe kabla ya karatasi kupigwa muhuri. Walimu, wanapofungua daftari ya darasa la kwanza, wasibadili herufi kwa kudhani, bali waulize na kulinganisha na cheti. Palipo na kosa, lisahihishwe kwa msajili wa vizazi na vifo wakati baba na mama wangali hai kushuhudia. Nao wazee waandikiwe na wajukuu wao majina ya babu zao, mmoja baada ya mmoja, mpaka pale kumbukumbu inapokoma. Kazi hiyo yataka daftari moja, kalamu, na jioni chache. Mtu aliyesimulia asipoandikwa leo, kesho hatapatikana wa kuulizwa.